Uzoefu wangu na bodi ya PYNQ-Z2 kwenye kulinganisha DNA, nikiwa Mbeya

Wakuu, hii bodi ya PYNQ-Z2 nimekaa nayo muda wa kutosha sasa hapa Mbeya, na wengi mnauliza kama FPGA, yaani chipu unayoweza kupanga upya saketi zake kama iliyo kwenye bodi hii, inasaidia kweli kwenye hesabu za kisayansi, jibu langu ni ndiyo ila inategemea hesabu yako ikoje.

Mimi nalinganisha DNA za vimelea vya magonjwa ya maharage kwa njia ya Smith-Waterman, ile ya mwaka 1981 inayojaza jedwali lote la alama za kufanana kisanduku kwa kisanduku bila kubahatisha, ni ya uhakika kabisa ila laptopu inahema, feni inapiga kelele usiku kucha na bado hujamaliza.

Sasa utamu wa FPGA ni kwamba haisomi amri moja moja kama prosesa, wewe unaipanga chipu yenyewe, saketi zake ndo zinakuwa hesabu yako, kesho una hesabu nyingine unaipanga upya. DNA ina herufi nne tu, A, C, G na T, kwa hiyo herufi moja biti 2 zinaitosha, mambo ya biti 64 ya nini? Unatengeneza visehemu vidogo vingi saizi ya kazi, unavipanga mstari kila kimoja kimeshika herufi yake na kinampa jirani jibu kila mpigo wa saa ya saketi, kama vijana wa zege wanavyopasiana ndoo, hakuna anayekaa bure. Ndo maana saketi yangu inaenda megahezi 100 tu na bado inaiacha mbali programu ya kawaida ya lugha ya C kwenye laptopu ya gigahezi 3. Ukweli usemwe lakini, ukiandika programu ya laptopu vizuri kwa SIMD, yaani amri moja inayofanya hesabu nyingi kwa mpigo, na ukatumia viini vyote vya prosesa, pengo linapungua sana.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba unaiendesha kwa lugha ya Python. Ndani ya chipu kuna viini viwili vya prosesa ya ARM vya megahezi 650, unachomeka waya wa netiweki, unafungua Jupyter, ukurasa wa kuandikia na kuendesha Python, kwenye brauza, basi unafanya kazi. Umeme inakula kidogo, inakubali volti 7 mpaka 15, kwa hiyo umeme ukikatika naihamishia kwenye betri ya sola ya volti 12 kazi inaendelea, kwa huku kwetu hiyo sio kitu kidogo aisee.

Ila memori ni megabaiti 512 tu, na data ikiwa inaenda na kurudi kila mara basi faida yote inaishia njiani, peleka mzigo mkubwa mara moja uache saketi ifanye kazi. Hesabu za desimali za biti 64, mfano modeli za mvua, usijisumbue nayo, vizidishio vya chipu (DSP) viko 220 na hizo desimali zinavimaliza haraka sana, tafuta GPU, ile chipu ya kadi ya picha. Halafu kutengeneza saketi ni saa nzima na zaidi ukibadilisha hata mstari mmoja, na programu yake kuipakua ni makumi ya gigabaiti, bando lijipange.

Mwenye kazi ya maharage au mahindi anayetaka saketi yangu aseme nimpe, ila hakikisha faili la .bit (saketi yenyewe) na la .hwh (maelezo ya saketi) yanakaa folda moja na majina yanafanana, bila hivyo haifunguki.