Kasha la USB kwa diski ya zamani: zuri, ila angalia unene na umeme

Kasha la plastiki la USB 3.0 kwa diski za inchi 2.5 za SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ndiyo njia nyepesi ya kuendelea kutumia diski ya kompyuta iliyokufa kwenye kompyuta mpya. Unaisukuma diski kwenye soketi ya pini 22, unarudisha kifuniko, basi. Bisibisi hata huigusi.

Pima unene kwanza. Diski za milimita 7 na 9.5 huingia, ya 12.5 mara nyingi kifuniko hukataa kufunga. Ya 7 nayo hucheza ndani, ndiyo maana makasha mengi huja na kipande cha sponji. Usikitupe.

Aliyezoea SSD, diski isiyozunguka, ataona inakokota, lakini kasha halina kosa: diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika hutoa takriban megabaiti 100 kwa sekunde. Ukipata 35 hivi, umechomeka kwenye tundu la USB 2.0. Ikilia tik-tik na kupotea, huenda umeme hautoshi. Achana na habu (kigawanyo cha matundu ya USB), chomeka kwenye kompyuta yenyewe. Mlio ukiendelea, diski inaelekea kufa: nakili mafaili ya maana upesi.

Diski za inchi 3.5 zisahau humu. Zinataka volti 12, kasha hili linapata 5 tu. Na Windows ikikukatalia folda za zamani, badilisha umiliki wake, usikubali kufomati, maana utafuta kila kitu.