Kadi za harusi zenye madoido mpaka jina la bibi harusi halisomeki

Nimengoja hasira ishuke ndio niandike lakini wapi. Kuna duka la kuprinti hapa Kisumu tauni, sitalitaja, niliwapa kazi ya kadi za harusi ya dadangu. Karatasi nzuri, wino wa dhahabu umeshika vizuri, hapo siwezi kudanganya. Sasa angalia jina. ACHIENG, lote kwa herufi kubwa, na kila herufi imewekewa mkia! Mkia wa A umepita chini ya C ukaingia kwa miguu ya H, G nayo imejikunja mpaka imekuwa kama 8. Shangazi alivaa miwani, akavua, akaniuliza, "Kwani mnaoza nani?"

Nikarudi dukani. Dizaina, kijana tu, hata macho hakutoa kwa simu: "Madam, watu hawasomi kadi, wanaangalia."

Hawasomi?! Na kanisa watalijulia wapi?

Mimi napenda madoido sana, ndio maana hii kitu imeniuma. Tangu Arrighi, yule fundi wa mwandiko Mwitaliano, atoe kitabu chake cha kufundisha mwandiko kule Roma 1522, mikia ya herufi inarushwa penye nafasi. Herufi kubwa yenye madoido inaanza neno, halafu ndogo zinafuata zimetulia, ukizipanga kubwa tupu zinapigana. Hata Zapfino, ile fonti Hermann Zapf alitoa 1998, herufi moja ina maumbo kadhaa ndio mtu achague, na kuchagua ndio kazi yenyewe tunayolipia! Huyu aliwasha mikia yote akaenda zake.

Lakini kuna mzee pale nyuma kwa mashine ya kukata karatasi, alisikia kelele akaja na kalamu. Akaandika A moja, mguu wa kushoto ameuanzia mbali huko pembeni, zilizofuata ndogo bila chochote, halafu g ya mwisho ndio akaiachia mkia ukarudi chini ya jina lote polepole. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeamua nyota moja, nikasema hapana, hawa wapewe tano, nyinyi mkienda ulizeni mzee wa kukata karatasi.

Sasa ngoja bili. Kuprinti upya nikalipishwa mimi, kadi zote, na risiti nikapewa na yule yule kijana bila hata pole. Aii, nyota mbili, na zote ni za mzee.