Wapangaji wa meza za sherehe Moshi: mkono mzuri, viti vimebanana

Huduma hii ya kukodisha vyombo na kupanga meza, hapa Moshi mjini, inastahili sifa kwa jambo ambalo wengi hulipuuza: meza hupangwa kwa kufuata chakula kitakachopakuliwa. Ukianza mtori, ile supu nzito ya ndizi, kijiko chake kinakaa nje kabisa upande wa kulia, kisha kisu, makali yakielekea sahani. Uma uko kushoto. Mgeni anaanza na cha nje akiingia ndani, kwa hiyo hababaiki. Glasi ya maji inasimama juu ya ncha ya kisu, na vishikio vyote vimenyooka mstari mmoja, kama sentimita 2 na nusu kutoka ukingo wa meza. Safi sana!

Tatizo ni viti. Meza ya duara yenye upana wa sentimita 150 inawekewa watu 10. Kila mmoja anabaki na sentimita 47 hivi, wakati anahitaji 60. Viwiko vinagongana na mtu anakunywa glasi ya jirani. Waambieni mapema: watu 8, basi.

Ulizeni pia vipimo vya vitambaa. Meza hiyo inataka cha sentimita 210 ili kining'inie 30 kila upande. Cha 180 kinaning'inia 15 tu, na miguu ya meza inabaki wazi zaidi. Glasi nazo zifutwe kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, maana maji yakizikaukia huacha madoa.

Maji ya kunawa huletwa ya uvuguvugu, kabla ya sala. Hapo hawakosei.