Mita ya DT-830 na betri inayolala kila bamvua: tumepima Mikindani

Assalamu alaikum ndugu zangu, habari za huko mliko. Leo niko Mikindani, kilomita kumi hivi kutoka Mtwara mjini, chini ya mwembe, na hii mnayoiona mbele yangu ni pikipiki ya mjomba wangu. Mjomba ni bodaboda, lakini bamvua likifika, maji ya bahari yakikupwa sana, anaacha kijiwe na kwenda kuvua pweza siku mbili tatu. Akirudi, anabonyeza stata, inasema "tik", basi. Inabidi apige kiki. Ndani ya mwaka mmoja ameshanunua betri mbili, na wiki iliyopita ameambiwa anunue ya tatu.

Nikamwambia, mjomba, subiri. Kabla hujatoa hela nyingine, tupime.

Kifaa ninachokichambua leo ndicho hiki. Sogeza kamera kidogo. Hii ni multimita, kifaa cha kupimia umeme, ya aina ya DT-830, mafundi tunaiita mita tu. Iko ya njano, iko nyeusi, zimetengenezwa na viwanda vingi kwa umbo lilelile. Hii nimeinunua shilingi 15,000, pungufu ya bei ya betri ya pikipiki. Swali langu ni moja: je, mita ya bei hii inaweza kumwambia mtu ukweli kuhusu betri yake?

Tuanze na betri yenyewe. Waya nyeusi kwenye tundu la COM, nyekundu kwenye tundu la volti, swichi naizungushia kwenye volti 20 upande wa DC, yaani umeme wa betri. Jana jioni tuliichaji hii betri, ikakaa usiku kucha waya zake zimefunguliwa kwenye vichwa. Hilo ni muhimu sana. Ukipima mara tu baada ya safari, utakuta namba kubwa inayokudanganya, kwa sababu chaji bado iko juujuu. Iache itulie saa kadhaa.

Mnaona hapo? 12.7. Betri ya volti 12 ya tindikali ikiwa imejaa inasoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.2, nusu imeshakwenda. Ikishuka chini ya 12 hiyo ni tupu, na kuiacha hivyo siku nyingi ndiko kunakoiua kabisa, maana salfati inaganda kwenye sahani za ndani na chaji haiingii tena. Sasa tunairudisha kwenye pikipiki na mjomba anabonyeza stata huku natazama mita. Imeshuka mpaka 10.8, ikapanda. Betri mbovu ingeporomoka chini ya 9. Kwa hiyo hii betri aliyoambiwa aitupe ni nzima.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu inaniuma. Betri ngapi nzima zimetupwa Mtwara hii kwa sababu hakuna aliyepima? Mtu analala na njaa kwa ajili ya mkopo wa pikipiki, halafu anaambiwa "badilisha betri" kwa kutazamwa tu.

Jambo la pili ni chaji. Injini inawaka, nimeweka ncha palepale kwenye betri. Mjomba, piga resi kidogo. 14.2. Safi. Ukiona kati ya 13.5 na 14.5, chaji inaingia vizuri. Ingebaki 12 na kitu, ningekwenda kwenye koili za magneti zinazozalisha umeme, na rektifaya inayougeuza na kuudhibiti kabla haujaingia kwenye betri. Ingepita 15, rektifaya imeshindwa kuzuia, na betri inapikwa: ya maji inakaukiwa kila wiki, iliyofungwa inavimba tumbo. Na kwa wenye betri za maji, ongezeni maji ya betri yaliyosafishwa, msiongeze ya kisima. Kinachokauka ni maji tu, tindikali inabaki mle ndani.

Tazameni na hivi vichwa. Huu unga mweupe wenye ukijani ni kutu ya risasi na shaba, na huku pwani upepo wa chumvi unaiharakisha. Nikipima kwenye kichwa chenyewe cha betri napata namba moja, nikipima kwenye waya iliyofungwa juu yake napata nyingine. Maana yake umeme unakwama njiani. Maji ya moto, brashi ya waya, ukikausha paka grisi. Tumeshafanya, tuendelee.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Betri nzima, chaji nzima, lakini kila bamvua inalala. Yaani inalala ikiwa imeegeshwa! Kuna kitu kinainyonya swichi ikiwa imezimwa.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo watu wanapounguza mita. Naondoa waya ya hasi kwenye betri. Kila mara anza na hasi, ili spana ikigusa bodi isipige shoti. Waya nyekundu ya mita naihamishia kwenye tundu la 10A, swichi kwenye 10A. Ncha moja kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye ile waya ya hasi niliyoitoa. Umeme wote sasa unapita ndani ya mita. Usibonyeze stata! Usiwashe pikipiki! Na usije ukasahau waya kwenye tundu hilo kisha ukaenda kupima volti, hiyo ni shoti moja kwa moja, na kwenye mita hii tundu la 10A halina fyuzi.

Inasoma ampea 0.07. Ndogo, chini ya 0.2, kwa hiyo narudisha waya kwenye tundu la kawaida na swichi naiweka kwenye 200m, yaani miliampea 200. Tusubiri dakika chache, maana alamu ikirudishiwa umeme huamka kwanza. Imetulia: miliampea 70.

Tupige hesabu. Miliampea 70 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.68. Betri hii imeandikwa 5Ah. Siku mbili za pweza zimeondoa 3.36. Kilichobaki kinawasha indiketa, lakini stata hakigeuzi. Mjomba alikuwa akidhani ni mkosi, kumbe ni hesabu.

Nani anakula? Nachomoa alamu: 56. Kwa hiyo alamu inakula 14, hiyo inavumilika. Nairudisha. Sasa nachomoa hii chaja ya simu hapa kwenye usukani. Mjomba, njoo uone mwenyewe. 14. Chaja peke yake ilikuwa inakula 56, na hakuna simu iliyochomekwa. Nimeifungua, ndani imeota kijani chote, unyevu wa bahari umeingia na umeme unavuka pasipo njia. Halafu aliyeifunga alichukua umeme betri moja kwa moja, hakupita kwenye swichi.

Tumeweka chaja nyingine, na waya yake tumeichukua baada ya swichi, na fyuzi yake pembeni. Ukizima pikipiki, nayo imezimika.

Turudi kwenye mita. Imenipa majibu yote niliyoyahitaji, na nikiilinganisha na mita yangu kubwa ya kazini, tofauti kwenye volti ilikuwa 0.03 tu. Lakini waya zake ni nyembamba na ncha zinalegea, nitazibadilisha. Haina mlio wa kupimia waya iliyokatika, unatazama namba tu. Na betri yake ya volti 9 ikichoka, mita inaanza kuongeza volti: betri ya pikipiki iliyochoka itaonekana nzima. Ukiona alama ya betri kwenye kioo, usiamini namba yoyote mpaka uibadilishe. Kwa kijiwe cha bodaboda kumi, mkichanga, hata elfu mbili kila mtu hamfiki. Nawashauri muinunue.

Kipande hiki cha mwisho nakirekodi baada ya bamvua. Pikipiki imekaa siku tatu hapahapa chini ya mwembe. Mita inasoma 12.5. Mjomba, bonyeza.

Imewaka.