Mboji ya lundo au mboji ya minyoo?

Mabaki ya jikoni yakifukiwa jalalani pasipo hewa hutoa methani, gesi inayoipasha dunia joto kwa nguvu kuliko kaboni dioksidi. Kwa hiyo kuyageuza mboji nyumbani kuna maana kubwa. Lakini kwa njia ipi?

Kwa gharama, lundo linashinda: kona ya uwanja na koleo, basi. Minyoo huhitaji sanduku lenye matundu, tena iwe ile myekundu ya kwenye samadi, si ya kuchimba popote.

Matunzo ndiyo yenye mjadala. Lundo la mita 1 kila upande, majani makavu yakichanganywa na mabichi, hufika nyuzi 55 na zaidi, joto linaloua mbegu za magugu. Ila lazima uligeuze, na kazi hiyo mgongo unaijua. Minyoo haigeuzwi, inataka kivuli, unyevunyevu na nyuzi 15 hadi 25 hivi. Ukiisahau juani inakufa yote, na inauma kuona. Maganda ya malimau na vitunguu usiipe kwa wingi.

Mwenye bustani inayomwaga majani kila wiki atafaidi lundo. Anayeishi ghorofani na maganda machache ya kila siku, minyoo itamtosha.