Holda za simu kwa pikipiki: ipi ya kwanza, ipi ya kuiacha dukani

Wauzaji wa holda za pikipiki hupenda kuonyesha video ya simu ikitikiswa kwa nguvu bila kudondoka. Hiyo ni nusu ya habari. Holda nyingi za chuma, hata za bei poa, zinaweza kuishika simu isianguke. Kinachoharibu simu ya mwendesha pikipiki mara nyingi hakionekani kwenye video: mtetemo wa injini, unaopanda kupitia fremu na usukani hadi ndani ya kamera. Ndiyo maana nimepanga daraja hapa chini kwa maswali mawili. Je, simu itabaki pale ilipowekwa? Na ikibaki, itashuka ikiwa nzima?

Tuanze na kamera, kwa sababu inabadilisha ununuzi wote. Simu nyingi za bei ya kati na ya juu zina lenzi inayoelea: husogezwa na sumaku ndogo ili kufidia mkono usiotulia wakati wa kupiga picha. Kwenye maelezo ya simu utaikuta kwa herufi OIS. Kifaa hicho kimetengenezwa kwa mtikisiko wa mkono, si kwa injini inayogonga maelfu ya mizunguko kwa dakika. Septemba 2021 Apple yenyewe ilitoa tahadhari kwamba mtetemo mkali wa muda mrefu, hasa wa pikipiki zenye injini kubwa, unaweza kudhoofisha OIS na mfumo wa kutafuta fokasi. Ikashauri iPhone isifungwe moja kwa moja kwenye pikipiki za aina hiyo, na kwa skuta na vipikipiki vidogo itumike holda yenye kipunguza mtetemo. Simu za Android zenye OIS zina sehemu za aina hiyohiyo ndani yake, kwa hiyo mwenye Galaxy asijione ameokoka.

Dalili zake ni rahisi kuzitambua. Fungua kamera, ilenge kwenye maandishi ya mbali, shika simu kwa mikono miwili. Kamera iliyoumia huonyesha picha inayochezacheza kama uji wa moto, fokasi inaenda na kurudi bila kutua, na ukisogeza sikio karibu na lenzi unasikia mvumo mwembamba. Hapo hakuna mpangilio wala sasisho la programu litakalosaidia. Ni kubadilisha kamera.

Si kila pikipiki ina hatari sawa. Injini kubwa ya silinda moja, au ya V yenye silinda mbili, hutoa mishindo mizito. Ya silinda nne hutoa mtetemo mdogo wa kasi, ule unaoacha ganzi vidoleni. Kipimo kizuri unacho tayari: ikiwa ukishuka viganja vinawashawasha, simu iliyokuwa kwenye usukani huohuo imepata kipigo hichohicho.

Kwa hiyo kabla ya holda yoyote, chungulia droo ya nyumbani. Simu ya zamani, yenye ufa kidogo na kamera isiyokuhusu tena, ndiyo simu bora ya ramani kwenye pikipiki. GPS haihitaji laini wala bando. Google Maps inakuruhusu kupakua eneo zima mapema, na programu za ramani za OsmAnd na Organic Maps zimejengwa kwa kazi hiyo hasa. Ukitaka taarifa za foleni, rushia intaneti kutoka simu iliyo mfukoni. Nasema hivi nikijua kwamba hakuna duka litakalokuambia, maana halina cha kukuuzia.

Sasa daraja zenyewe.

1. Kava linalofunga kwa kuzungusha, pamoja na kipunguza mtetemo

Quad Lock na SP Connect ndiyo majina makubwa hapa. Simu inavaa kava maalumu lenye kitako mgongoni. Unaliweka kwenye kichwa cha holda, unazungusha, linajifunga. Peak Design wanafika mahali hapohapo kwa njia nyingine: sumaku inavuta, lakini vidole vya kufungia ndivyo vinavyoshika. Uzuri wa mifumo hii ni kwamba hakuna kinachogusa pembeni mwa simu, kioo kiko wazi chote, na kuitoa kwenye kituo cha mafuta ni kazi ya sekunde mbili.

Kipunguza mtetemo mara nyingi huuzwa peke yake, na hapa ndipo wanunuzi wengi hubana matumizi mahali pasipo pake. Ni vipande viwili vilivyotenganishwa na vijiraba laini. Ukikitikisa kwa mkono simu inachezacheza kidogo, na mtu hudhani kimelegea. Hakijalegea, kinakula mtetemo usifike kwenye simu. Kama pesa haitoshi holda na kipunguzaji kwa pamoja, subiri, au rudi kwenye ile simu ya zamani.

Kasoro ni mbili. Kava hutengenezwa kwa modeli za simu zinazouzika sana, na mwenye simu isiyo maarufu huishia kubandika kitako cha gundi mgongoni mwa kava lake. Gundi hiyo inashika vizuri kwenye plastiki ngumu, lakini kwenye kava la silikoni haifai kitu. Na siku ukibadilisha simu, unanunua kava upya.

2. Makucha yenye springi juu ya tufe la raba

X-Grip ya kampuni ya RAM Mounts ndiyo mama wa kundi hili. Miguu minne ya springi inakumbatia simu, nyuma kuna tufe lenye raba la ukubwa wa inchi 1, na mkono wenye kitasa unaobana matufe mawili. Inapokea karibu simu yoyote, hata yenye kava nene, na vipande vyake vinabadilishana: leo usukani, kesho tangi, keshokutwa skuta ya mwenzako. Kwa anayebadilisha simu mara kwa mara, au familia inayoshirikiana pikipiki moja, hii inaipita namba 1.

Kwa wengine inabaki ya pili. Raba ya tufe hupunguza makali kiasi tu, kwa hiyo kipunguza mtetemo kinahitajika hapa pia. Halafu kuna jambo la kujaribu kabla ya kulipa: iweke simu yako kwenye makucha uone yanatua wapi. Kucha likikaa juu ya kitufe cha kuwasha, tuta la kwanza litazima kioo, na ukifika njia panda utakuwa unatazama giza. Ile kamba ya raba inayokuja na X-Grip wengi huiacha kwenye boksi. Ifunge.

3. Taya za chuma zinazokazwa kwa skrubu

Hizi ziko kila mahali, na si mbaya. Taya mbili za aloi, au pembe nne, hukazwa kwa kitasa cha nyuma. Simu haitoki. Tatizo ni kwamba chuma kimeshikana na chuma kuanzia usukani hadi simu, na kila mshindo unafika bila kodi. Kwa simu isiyo na OIS hatari inapungua, ingawa haiishi, maana hata fokasi ya kawaida ina sehemu inayosogea. Ukinunua ya aina hii, tazama sponji za ndani ya taya: ziwe nene, na ziwe zimepachikwa kwenye mfereji, kwani zilizobandikwa kwa gundi hubanduka zikiiva juani na kuacha chuma kikisaga ukingo wa simu. Tazama pia kitasa. Chenye nati ya pili ya kufungia kinakaa. Kisicho nayo hujilegeza taratibu njiani.

4. Boksi au mfuko usiopitisha maji

Unavutia wakati wa mvua, na unachosha siku nyingine zote. Jua likipiga kwenye plastiki ile, simu inapikika. Asubuhi ya baridi ukungu unajaa ndani. Kugusa kioo kupitia plastiki ukiwa na glavu ni kubahatisha. Simu yenye kiwango cha IP67 imepimwa kukaa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, na mvua ya kawaida haiishindi kirahisi ikiwa haijawahi kufunguliwa na fundi. Kama simu yako haina kinga hiyo, mfuko una nafasi yake, lakini uutoe mvua ikikatika.

5. Mikanda ya silikoni

Kwa skuta, mitaani, mwendo wa polepole. Silikoni inapunguza mtetemo vizuri kuliko taya za chuma, sifa ambayo watu huisahau. Ila inazeeka kwa jua, na hukatika pale pembeni palipochanika kidogo. Vuta kila kona kwa vidole kabla ya kuondoka. Ukiona ufa mweupe, tupa.

Sumaku tupu, zile za kwenye magari, sizipi namba. Hazina kinachoshika zaidi ya mvuto, na zinaweza kuvuruga dira ya simu, mshale wa ramani ukaanza kuelekea kusikokuwako ukiwa umesimama.

Kuna na njia ya kutoweka simu nje kabisa. Sikiliza maelekezo kwenye spika za Bluetooth ndani ya helmeti, simu ikiwa mfukoni. Kwa safari yenye kona chache inatosha, na macho yanabaki barabarani. Wanaotaka ramani mbele yao bila kuhatarisha simu wananunua skrini za pikipiki zinazopokea CarPlay au Android Auto (mifumo inayoonyesha ramani ya simu kwenye skrini nyingine), au kifaa kamili cha ramani kama Garmin Zumo. Ni ghali kuliko holda yoyote. Kwa msafiri wa masafa marefu mwenye simu ya bei kubwa, naona hesabu inakubali. Begi la juu ya tangi lenye dirisha la plastiki nalo linapunguza sana mtetemo, ila linakulazimisha kuinamisha kichwa, na kwa mwendo wa barabara kuu sipendi kabisa.

Mahali pa kufunga pana uzito sawa na holda yenyewe. Pima unene wa bomba la usukani kabla ya kuagiza: la kawaida ni milimita 22, pikipiki nyingi za kruza, zile ndefu za kukalia chini, zina 25.4, na usukani mnene wa pikipiki za safari na za vumbi una 28.6 katikati kisha unapungua kuelekea kwenye mishiko. Kwa pikipiki za mashindano, ambazo usukani wake ni vipande viwili vifupi, kuna holda inayoingia kwenye tundu la shina la usukani na kujitanua ndani. Inakaa katikati, na haigusi waya wa klachi wala breki. Skuta hazina bomba lililo wazi, kwa hiyo wengi hutumia bolti ya kioo cha pembeni, ya milimita 8 au 10. Angalia tu: kwenye Yamaha nyingi nyuzi za kioo cha kulia zimegeuzwa, ukilazimisha upande uliozoea unazikata. Shina la kioo pia hutetemeka kuliko usukani, na mkono mrefu wa holda huukuza mtetemo zaidi. Popote utakapofunga, fupisha.

Chaji. Ramani, GPS na mwanga wa kioo ukiwa juu kabisa hula betri haraka, na soketi ya USB ya ampea 1 inaweza kushindwa kabisa kuifukuza. Tafuta ya ampea 2 au zaidi. Ichukue umeme baada ya swichi ya ufunguo ili isinyonye betri pikipiki ikiwa imelala, na fyuzi ikae karibu na betri. Waya wenye kichwa kilichopinda hauchomozi wala kuvunja tundu la simu. Mvua ikinyesha chomoa. Simu nyingi mpya hukataa kuchaji tundu likiwa na unyevu, na zina sababu. Kuchaji bila waya kunapendeza machoni lakini kunaongeza joto, na joto tayari ni adui: Apple inasema iPhone itumike kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35. Juu ya hapo kioo hufifia, chaji husimama, kisha linatokea onyo na ramani inapotea. Hewa ya mwendo inasaidia. Kwenye foleni, jua juu na injini chini, haipo.

Ukishafunga, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, uone simu haigusi tangi, kioo cha upepo wala honi, na waya wa chaji haukazi. Washa injini ikiwa imesimama, pandisha mizunguko kidogo kidogo, na tazama simu: kwenye kiwango fulani itatetemeka vibaya kuliko vingine. Kikiwa ndicho kiwango chako cha mwendo wa kila siku, hamisha holda. Baada ya safari ya kwanza kaza bolti zote upya, maana raba za kwenye vibano hubonyea na kuacha nafasi. Simu unayoipenda kwa picha zake, hata ikiwa na kipunguza mtetemo, itoe kwenye holda siku ambayo njia unaijua.