Upepo wa Ncha na Mitikisiko ya Uga wa Sumaku: Kipi Huitorosha Ayoni?

Ayoni, yaani atomu zenye chaji ya umeme kwa kupoteza elektroni, huihama angahewa ya juu ya Dunia kwa njia kuu mbili, na kwa maoni yangu ya pili ndiyo yenye mengi ya kueleza.

Ya kwanza ni upepo wa ncha, unaovuma juu ya ncha za Dunia: elektroni nyepesi zikikimbilia juu, hujengeka uga dhaifu wa umeme unaozivuta ayoni. Roketi ya Endurance, iliyorushwa visiwa vya Svalbard, karibu na Ncha ya Kaskazini, mwaka 2022, ilipima tofauti ya volti 0.55 tu, inayoweza kuinua haidrojeni lakini isiyotosha kuitorosha oksijeni, iliyo nzito takribani mara 16.

Ya pili ni mitikisiko ya uga wa sumaku na wa umeme. Mtoto wa Mikindani anayesukuma bembea ya kamba chini ya mkorosho anajua kwamba msukumo mdogo, ukija kwa wakati wake, huipandisha juu. Vivyo hivyo mawimbi yanayopiga kwa mwendo ulio sawa na mzunguko wa ayoni ya oksijeni kwenye mistari ya uga wa sumaku huiongezea nishati kidogo kidogo, kisha uga wa sumaku wenyewe, unaodhoofika kadiri unavyopanda, huisukuma nje. Wakati wa dhoruba za sumaku, yaani misukosuko ya uga wa Dunia inayoletwa na Jua, oksijeni hutoka kwa wingi zaidi.

Hapa Mtwara, karibu na nyuzi 10 kusini, mistari ya uga hujikunja na kurudi ardhini, hivyo utoro huo hutokea hasa kuelekea ncha.